Boti isiyo na nahodha: shajara ya fundi umeme anayeitafuta roboti, Mwanza

11 Januari 2025: Kwa nini boti

Digrii yangu ya uhandisi wa umeme niliipata 2022. Tangu mwaka uliofuata niko kwenye karakana moja ya Nyakato, nawaindi mota (nazisuka upya koili zake): za mashine za kusaga, za pampu za visima, za feni kubwa za viwandani. Kazi si mbaya, chumba kinalipwa. Ila chuoni niliingia nikiitaka roboti, na mpaka leo sijawahi kujenga hata moja.

Desemba niliitwa kwenye usaili wa nafasi ya otomesheni. Mzee mmoja kwenye jopo akaniuliza, "Kijana, umeshatengeneza kitu gani kinachotembea chenyewe?" Nikaanza kueleza mradi wangu wa mwaka wa mwisho, ambao kusema kweli ulitembea kwenye skrini ya kompyuta tu. Akanisikiliza kwa adabu, akafunga faili.

Basi nimeamua: boti ndogo isiyofika mita moja. Itoke ufukweni, ipite kwenye alama nne za GPS, ipime joto la maji, irudi. Wafugaji wa sato kwenye vizimba huhitaji kuyajua maji yao, hivyo kitu kitakuwa na maana hata kikiwa cha majaribio. Sensa ya oksijeni ndiyo wangeipenda zaidi, lakini bei yake inaizidi boti nzima, nimeiacha. Mtu anaweza kuuliza kwa nini nisianze na kigari cha magurudumu kama wengine. Huyo hajaona mtaa ninaokaa. Mwanza ni miamba na vilima. Sehemu pekee iliyo tambarare ni ziwa.

Bajeti Sh 350,000. Muda miezi mitatu. Soma tarehe za huko chini ucheke.

25 Januari: Ganda

Mabomba mawili ya PVC ya inchi 4, kila moja sentimita 80, yamezibwa ncha kwa vifuniko na gundi, yakaunganishwa kwa ubao juu. Bomba la kipenyo cha milimita 110 na urefu huo lina ujazo wa lita 7.6, kwa hiyo mawili yanabeba kilo 15 kabla ya kuzama kabisa. Nimelenga uzito usizidi kilo 7, boti ikae nusu ndani nusu nje. Jumla Sh 38,000. Hapakuwa na tatizo, au ndivyo nilivyodhani (rukia Juni).

15 Februari: Vipuri

Bodi ya Arduino Uno, ubongo wa boti, Sh 28,000, GPS ya NEO-6M 32,000, dira ya kielektroniki 15,000, draiva ya mota L298N (inayozipa mota umeme kwa amri ya bodi) 10,000, sensa ya joto DS18B20 ya kuzuia maji 9,000, mota mbili za pampu za boti za volti 12 kwa 70,000, propela mbili za plastiki 12,000. Mzigo umetoka Dar kwa basi, 8,000.

Betri nimezitoa kwenye betri chakavu za laptopu: seli 20 za 18650, nikazichaji, nikazipima moja moja, zikabaki 12 zinazoeleweka. Tatu mfululizo, nne sambamba, volti 12.6 zikijaa. Pamoja na bodi ya kuzilinda ni Sh 38,000. Usiiache hiyo bodi ya ulinzi ili uokoe elfu nane. Seli hizi zikipigwa shoti hazikupi nafasi ya kujuta.

Mpaka hapa nimetumia Sh 260,000.

8 Machi: Draiva imeungua, na aibu yake

Kwenye beseni kila kitu kilikwenda. Nikapanda daladala na boti yangu mapajani mpaka Luchelele, nikaiweka majini. Ikatembea mita kama thelathini, propela ya kushoto ikanasa kipande cha uzi wa nyavu. Mota ikagoma. Nikavuta boti kwa fimbo, na kabla sijaifungua nikasikia ile harufu. Kila fundi umeme anaijua, haihitaji maelezo.

L298N inabeba ampia 2 kwa kila upande. Mota zangu zikiwa zinazunguka vizuri zinakula 2.2, tayari nimevuka. Zikikwama ni hadithi nyingine: nilipima koili kwa multimita nikapata omu 1.4. Volti 12 gawanya kwa 1.4 ni ampia 8.6. Hesabu ya dakika moja, ya kidato cha tatu. Na hiyo draiva yenyewe hula karibu volti 2 ndani yake na kuzigeuza joto, kwa hiyo hata bila uzi wa nyavu nilikuwa namnyima mnyama wangu chakula.

Jumatatu nikaileta maiti karakanani. Fundi mkuu, ambaye hajawahi kukanyaga chuo na ndiye aliyenifundisha nusu ya ninachokijua, akaigeuzageuza mkononi.

"Injinia, mteja angekuletea mota, ungemfungia kontakta bila kupima ampia?"

"Hapana, mzee."

"Sasa hii ulimfungia nani?"

Sina cha kujitetea. Ya karakanani nilikuwa nayapima kwa sababu mteja atarudi na ukali wake. Hii niliichukulia kama mchezo kwa sababu ni ndogo na imeandikwa roboti.

Marekebisho: draiva mbili za BTS7960, Sh 36,000, na fyuzi za gari za ampia 5, moja kila mota, Sh 2,000. Draiva hizi zina pini ya kusoma mkondo. Sasa programu inaangalia: mkondo ukizidi ampia 4 kwa nusu sekunde, mota inazimwa, inazungushwa kinyume sekunde moja, kisha inajaribu tena. Gugumaji jepesi linajitoa lenyewe. Uzi wa nyavu hautoki, lakini angalau hakuna kinachoungua.

29 Machi: Dira inayojiita jina la mwenzake

Wiki nzima dira haikusema neno. Nimebadilisha waya, nimechomelea upya, nimekopa bodi nyingine. Programu zote nilizoziona mtandaoni zinaiita HMC5883L na kuitafuta kwenye anwani 0x1E, namba ambayo bodi huitumia kuiita chipu. Yangu imeandikwa hivyohivyo kwenye bodi, ila chipu iliyofungwa juu yake ni QMC5883L, nyingine kabisa, inayokaa 0x0D na kusomwa kwa utaratibu wake. Ukinunua dira hizi za bei ya chini, kabla ya jambo lolote endesha programu fupi ya kukagua anwani zote. Ikikujibu 0x0D, tafuta maktaba (programu iliyoandikwa tayari) ya QMC usiendelee kuteseka.

Ilipoanza kusema, ikasema uongo. Mota zikiwa zimezimwa inaonyesha kaskazini sawasawa. Zikiwaka inahama nyuzi 30 hadi 40. Hapo sikuhitaji kuuliza mtu: waya unaopitisha mkondo una uga wa sumaku kuuzunguka, nami nilizipitisha nyaya za mota sentimita tano kutoka kwenye dira. Nimeipandisha kwenye mlingoti wa sentimita 40, nikazisokota nyaya za mota, ya kwenda na ya kurudi pamoja, ili sumaku zao ziuane. Kosa likashuka chini ya nyuzi 4. Mlingoti ni kipande cha fimbo ya ufagio.

19 Aprili: Boti yangu iko Uganda

Masika imenikata Jumamosi mbili. Leo kumekucha shwari, nikaenda mapema kabla upepo haujageuka kuvuma kutoka ziwani. Nimeweka alama ya kwanza mita 80 kutoka ufukweni. Nikawasha. Boti ikajigeuza, ikachagua upande wa kusini na kushika njia kama mtu aliyetumwa msibani. Ikapita kando ya alama. Haikupunguza mwendo.

Kulikuwa na mzee anatoka kuvuta nyavu zake, nikamwita kwa mikono miwili. Akaikimbiza kwa kasia, akaikamata, akaniletea ikiwa bado inazungusha propela mtumbwini.

"Mwanangu, chombo chako kilikuwa kinakwenda wapi?"

Nikafungua laptopu nikasoma kumbukumbu. Umbali uliobaki mpaka alama ya kwanza: zaidi ya kilomita 570.

"Kinakwenda Mwanza, mzee."

"Si ndiyo hapa?"

Kilichotokea ni hiki. GPS haitoi namba yenye alama ya hasi. Inatoa nyuzi na dakika, halafu herufi: S kwa kusini, N kwa kaskazini. Mimi nilijiandikia programu yangu ya kuisoma badala ya kutumia maktaba iliyopo (kiburi tu), nikaisoma namba, herufi nikaiacha. Alama nilizotoa kwenye ramani ya simu zilikuwa na hasi, sahihi. Kwa hiyo boti ilijiona iko nyuzi 2.59 kaskazini ya ikweta, huko juu ya Lira, Uganda, na ikaanza safari ya kurudi nyumbani, kusini moja kwa moja. Kwa ilichokijua, ilikuwa sahihi kabisa. Ningekuwa naishi Nairobi ningekutana na kosa hilohilo. Ulaya, ambako wengi wanaoandika mifano hii wanakaa, wala usingeliona.

Kwenye programu hiyohiyo nilikaribia kosa la pili. Namba 0235.4 maana yake ni nyuzi 2 na dakika 35.4, si 2.354. Lazima dakika zigawanywe kwa 60 ndipo ujumlishe: inakuwa 2.59. Ukikosea hapo unajikuta kilomita 26 kando, na hiyo ni mbaya zaidi kwa sababu inaonekana kama kweli.

Nimefuta programu yangu, nimeweka maktaba. Mzee nimempa Sh 5,000 ya chai. Kamba ya nailoni ya mita 50, Sh 6,000: kuanzia leo boti haitoki bila kufungwa mpaka itakapojitambua.

10 Mei: Kuku mwenye kideri

Hilo jina limetolewa na watoto wa Luchelele. Boti ikielekea mashariki, kusini au magharibi, inakwenda vizuri. Ikitakiwa kaskazini, inazunguka pale pale.

Kwenye dira, kaskazini ni 0 na pia ni 360. Boti ikielekea nyuzi 359 na ikatakiwa kwenda nyuzi 1, tofauti ni nyuzi 2 tu. Programu yangu ilichukua 1 ikatoa 359 ikapata hasi 358, ikageuka mzunguko karibu mzima, ikapitiliza, ikaanza tena. Dawa ni mistari miwili: tofauti ikizidi 180 toa 360, ikipungua hasi 180 ongeza 360. Nimepoteza siku mbili kwa mistari miwili.

Baada ya hapo ikaacha kuzunguka ikaanza kuyumba, kushoto kulia, kama mlevi anayejitahidi. Na hapa ndugu zangu ndipo digrii iliponisalimia kwa mara ya kwanza. Ile michoro ya mifumo ya udhibiti niliyokariri kwa ajili ya mtihani, ilikuwa mbele yangu juu ya maji! Mlevi yule nilimjua: nguvu ya kusahihisha ni kubwa mno na hakuna kinachoituliza. Nguvu ya mota naipanga kwa kipimo cha 0 hadi 255, na nilikuwa nazidisha kila digrii ya kosa kwa 4. Nikashusha hadi 1.5, nikaongeza sehemu ya D ya PID (kanuni ya udhibiti yenye sehemu tatu), ile inayoangalia kosa linabadilika kwa kasi gani, kwa 0.6. Ikanyooka. Sehemu ya I, inayolimbikiza kosa la muda mrefu, nimeiweka ndogo sana, 0.02, na nimeiwekea kikomo, kwa sababu boti ikiwa imeshikwa na kamba huwa inalimbikiza hasira na ukiiachia inafyatuka. Nambari zangu usizinakili kwa boti yako. Njia ya kuzipata ndiyo ya kunakili: anza na ya kwanza pekee, panda mpaka iyumbe, rudi nyuma, kisha ongeza ya kutuliza.

Jambo lingine, nje ya umeme. Usiingie majini peku kufuata roboti. Kichocho kipo ufukweni huku, hakuna utani. Nimenunua buti ndefu za mpira, sijazihesabu kwenye mradi kwa kuwa nazivaa pia masika.

7 Juni: Nyuzi joto 85, na maji ndani

Rekodi ya leo inasema kuna sehemu mbili za ziwa zenye maji ya nyuzi 85 za Selsiasi. Chai inaiva.

85 ndiyo namba ambayo DS18B20 huanza nayo kila inapowashwa, kabla haijapima chochote. Ukiiona, sensa imezimika na kuwaka bila wewe kujua. Nikalinganisha muda: kila 85 imetokea pale mota zote mbili zinapoanza kwa pamoja. Mota inapoanza ni sawa na mota iliyokwama, inavuta ule mkondo mkubwa kwa kitambo kidogo, volti za betri zinazama, na kila kilicho kwenye njia hiyo kinapepesuka. Ni kilekile cha nyumbani, taa kufifia friji ikiwaka. Nimenunua kibadilisha volti cha pekee kwa ajili ya ubongo, nikaweka kapasita ya maikrofaradi 1000 kando yake, na programu inaziwasha mota taratibu badala ya kwa kishindo. Sh 7,000. Hazijarudi. (Namba nyingine ya kuijua ni hasi 127. Hiyo ni maktaba inakwambia haioni sensa kabisa, waya umetoka.)

Maji: bomba la kulia lilikuwa na glasi nzima ndani. Vifuniko havina kosa, kosa ni tundu la waya nililoziba kwa silikoni. Silikoni haishiki vizuri ganda la waya, na waya ukitikisika panaachia. Glandi za waya (vifungio vinavyoubana waya maji yasipite) na grisi, Sh 6,000. Ningeziweka Januari.

28 Juni: Duru kamili

Alama nne, mita 600, dakika 17, bila kamba. Mwendo kama mita 0.6 kwa sekunde, mtu anayetembea polepole akiongea na simu. Imerudi ufukweni mita 3 kutoka nilipoiachia, ambayo kwa GPS ya aina hii ni heshima. Joto: kati ya 24.6 na 25.3. Usahihi wa sensa yenyewe ni nusu nyuzi juu au chini, kwa hiyo tofauti hiyo sitamuuzia mtu kama habari.

Jumla iliyotumika Sh 322,000. Bajeti imepona. Miezi mitatu imekuwa karibu sita.

19 Julai: Nilichokuwa sina

Wenzangu wa darasani wananiuliza kama digrii ya umeme inatosha. Kwangu ilinipa mota, betri, kelele za sumaku na udhibiti, na hivyo ndivyo vinavyowashinda wengi waliotoka upande wa kompyuta. Haikunipa programu. Tulisoma C muhula mmoja, kwenye karatasi. Haikunipa umakanika pia. Niliposhika FreeCAD kuchora kishikio cha mota nilikuwa kama mtoto na penseli.

Nimeanza ROS 2 jioni, ule mfumo wa programu ambao roboti nyingi za utafiti huzungumza kupitia kwake. Laptopu ya GB 4 ilikufa ganzi nilipofungua Gazebo, programu ya kuigiza roboti kwenye skrini. Nimeongeza kumbukumbu ya mtumba ya GB 8, Sh 60,000. Kozi nimeilipia kwa bando za usiku.

Lakini nikitazama nafasi za kazi zilizopo hapa ziwani, hakuna anayetafuta mtu wa ROS. Viwanda vya minofu ya sangara, vya vinywaji, vya pamba, vinatafuta mtu wa PLC (kompyuta ya kuendesha mashine za kiwanda), inveta (za kubadili kasi ya mota) na sensa za miliampia 4 hadi 20. Mwanzoni nilidharau. Kisha nikaangalia mkanda unaopanga maboksi kwa macho mawili ya mwanga na silinda ya hewa: unahisi, unaamua, unasukuma. Kama huo si roboti basi boti yangu nayo si roboti.

9 Agosti: Usaili wa pili

Kiwanda kingine, nafasi ya muda, miezi sita. Nilipeleka video ya duru na kurasa hizi. Wakauliza kwa nini ishara ya kiwandani inaanzia miliampia 4 na si 0. Nikasema waya ukikatika utasoma 0, na 0 si kipimo, ni kilio. Nikawasimulia hasi 127 yangu, wakacheka.

Halafu dada mmoja, msimamizi wa matengenezo, akauliza, "Betri ikikaribia kuisha katikati ya ziwa, boti yako inafanya nini?"

Nikafungua mdomo, nikaufunga. Haifanyi kitu. Inaendelea mpaka ikate roho.

"Sawa," akasema. "Wengi hapa wangenidanganya."

Usiku ule nikaongeza kipimo cha volti: zikishuka chini ya 10.2, inaacha alama zilizobaki na kurudi. Rezista mbili, Sh 400. Nimeanza kazi Jumatatu iliyofuata, jino moja la mshahara juu ya karakana. Fundi mkuu amesema nafasi yangu haijazwi mpaka Februari.

30 Agosti: Ombi la mzee

Yule mzee wa mtumbwi tumekutana tena Luchelele. "Mwangaluka, fundi." Ameniuliza kama kile kinachojua kilipo kinaweza kufungwa kwenye boya la nyavu, ili upepo ukizisomba usiku ajue pa kuzifuata. Nikapiga hesabu pale pale kwenye kiganja: GPS, bodi, moduli ya laini ya simu, betri, kopo lisiloingiza maji. Sh 118,000.

Akaguna. "Kwa hela hiyo, mwanangu, nanunua wavu mwingine."

Nimebadilisha bodi kwa ndogo zaidi, na badala ya kutuma muda wote itume mara moja kila nusu saa, ili betri iwe seli moja. Nimefika Sh 71,000. Yeye anasema 40.